Pishi, Karatasi na Mwezi: Hesabu za Watoto Wakati wa Sikukuu

Shule zinapofungwa kwa ajili ya sikukuu, hudhaniwa kwamba hesabu nazo zimefungwa pamoja na madaftari. Kumbe ni kinyume chake. Siku mbili tatu zinazotangulia Idi au Krismasi ndizo zenye kazi nyingi kupita zote za kupima, kugawa, kukunja na kuhesabu katika nyumba za Afrika ya Mashariki. Mchele hupimwa na kuchaguliwa, unga hukandwa, manda za sambusa hukatwa, vibendera vya karatasi hutundikwa, na wakubwa hukisia wageni watakuwa wangapi na sahani zilizopo ni ngapi. Mtoto wa miaka mitano au sita huwa katikati ya shughuli hizo zote, lakini aghalabu huambiwa akae kando asije akamwaga.

Agizo hilo la kukaa kando lina gharama, na gharama yenyewe huonekana baadaye sana, wakati ambapo hakuna aikumbukaye asili yake. Mwalimu wa hesabu wa kidato cha kwanza hukutana nayo mara kwa mara. Mwanafunzi anajua kugeuza sehemu ya pili juu chini na kuzidisha, akapata kwamba robo tatu ikigawanywa kwa nusu ni moja na nusu. Lakini akiulizwa robo tatu ya kibaba cha mchele itajaza mara ngapi kikombe cha nusu kibaba, hunyamaza. Alama zimemfikia kabla ya vitu vyenyewe. Amezipokea kama mtu apokeaye funguo za nyumba asiyopata kuiona.

Udhaifu huu ni vigumu kuutibu katika kidato cha kwanza, kwa sababu mtaala unakimbia na darasa ni kubwa. Mahali pake hasa ni jikoni na barazani, miaka saba au minane mapema. Na mtu aliye katika nafasi nzuri ya kuifanya kazi hiyo ni mwanafunzi wa sekondari aliyerudi nyumbani likizo, ambaye ana wadogo zake karibu na ana elimu ya kutosha kutambua kilicho nyuma ya mchezo. Shughuli zinazoelezwa hapa ni za watoto wadogo, lakini karibu kila moja ina mlango wa nyuma unaoingia katika hesabu za kidato cha tatu au cha nne.

KIBABA, KISAGA NA PISHI

Sikukuu ya Idi el-Fitri ina kipimo chake. Kabla ya sala ya Idi, Mwislamu mwenye uwezo hutoa zaka ya fitri, nayo ni pishi moja ya chakula kikuu cha mahali kwa kila mtu wa nyumbani mwake, mkubwa kwa mdogo. Siku hizi kiasi hicho hutangazwa kwa uzito, aghalabu kama kilo 2.5 za mchele, lakini kipimo cha asili ni cha ujazo. Katika vipimo vya zamani vya pwani, vibaba 2 ni kisaga 1, na visaga 2 ni pishi 1. Kwa hiyo pishi ni vibaba 4, na nyumba ya watu 7 hutoa pishi 7, yaani vibaba 28.

Mtoto wa miaka sita hawezi kuzidisha 7 kwa 4, lakini kuteka anaweza. Apewe kopo dogo liitwe kibaba, beseni la mchele na bakuli kubwa la kupokelea. Ateke vibaba vinne kwa ajili ya babu, vinne kwa ajili ya bibi, vinne kwa ajili ya mama, na kuendelea hadi kwa mtoto mchanga, akiweka kokoto moja kando kila anapomaliza pishi ya mtu mmoja. Hapana haja ya kumwambia kwamba anazidisha. Mwishoni kokoto zihesabiwe, ndipo aulizwe swali lenyewe: kama angetumia kisaga badala ya kibaba, angeteka mara nyingi zaidi au mara chache zaidi? Watoto wadogo huwa wepesi kujibu "nyingi zaidi", kwa kuwa kisaga ni kikubwa, na kikubwa katika fikira zao huandamana na kingi. Asikosolewe. Apewe kopo la kisaga ateke upya, ahesabu mwenyewe.

Uhusiano huu wa kinyume, kwamba kipimo kikikua idadi ya vipimo hupungua, ndio mzizi wa kugawanya kwa sehemu. Aliyeushika mkononi akiwa na miaka sita hatashangaa baadaye kuona kwamba 3 ikigawanywa kwa nusu inatoa 6, namba kubwa kuliko ile ya kwanza. Asiyeushika atalazimika kuukariri.

Jambo la pili linalofaa kujaribiwa kwa mchele huo huo lilifanywa mashuhuri na Jean Piaget (1896–1980), mwanasaikolojia wa Uswisi, ambaye mwaka 1941 pamoja na Alina Szeminska alitoa kitabu juu ya jinsi mtoto anavyopata wazo la namba. Maji hutiwa sawasawa katika glasi mbili zinazofanana. Mtoto akishakubali kwamba ni sawa, maji ya glasi moja humiminwa katika glasi nyembamba na ndefu, naye huulizwa maji ni sawa bado au yako mengi upande mmoja. Watoto wengi wasiofikia miaka saba hivi huonyesha glasi ndefu. Wanaangalia kimo tu, na upana unawapita. Ni kosa lenye mantiki yake, na mtu mzima anayechagua chupa dukani kwa urefu wake hana haki ya kulicheka.

Mtafiti Mmarekani, Patricia Greenfield, alilipeleka jaribio hilo kwa watoto wa Kiwolof nchini Senegal, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 1966. Miongoni mwa watoto wasiokwenda shule walikuwapo walioeleza kwamba maji yamebadilika kwa sababu mtafiti ndiye aliyeyamimina, kana kwamba mgeni yule ana uwezo wa kuyazidisha. Greenfield akabadili jambo moja: akawapa watoto vyombo wamimine wenyewe. Waliojibu sawasawa wakaongezeka sana. Maji yalikuwa yale yale na swali lilikuwa lile lile. Kilichohama ni mkono uliomimina. Anayemwambia mtoto akae kando atazame tu humnyima hasa kile ambacho jaribio la Senegal lilikionyesha kuwa na nguvu.

Kwamba mkono uliozoea kupima hujenga akili ya namba, huo nao una ushahidi kutoka Afrika ya Magharibi. Mwaka 1967 John Gay na Michael Cole walitoa kitabu juu ya hesabu miongoni mwa Wakpelle wa Liberia, wakulima wa mpunga. Wakpelle wazima wasiojua kusoma walipoonyeshwa mchele ndani ya chombo na kutakiwa kukisia ni vikombe vingapi, makisio yao yalikuwa karibu sana na ukweli kuliko ya Wamarekani waliosoma. Hili halina ajabu, maana mchele wao waliupima kwa kikombe kila siku ya maisha yao. Kitabu hicho kilitaja pia desturi moja ya wafanyabiashara: kikombe cha kununulia mchele kwa mkulima kilikuwa kimegongwagongwa chini kitako kikabinuka nje kikapokea zaidi, ilhali kikombe cha kumwuzia kilibaki na kitako chake bapa.

Hila hiyo ina ndugu zake kila mahali. Qurani ina sura nzima, ya 83, iliyopewa jina la wapunjao katika vipimo. Pwani, wauzaji na wanunuzi walitofautisha tangu zamani kibaba cha tele, yaani kilichojazwa hadi kikafanya kichuguu, na kibaba cha mfuto, kilichopangusiwa juu kwa kijiti. Mtoto apime vibaba vitano vya tele, kisha auteke mchele ule ule kwa vibaba vya mfuto, aone kama vitakuwa vitano au zaidi.

Hapo ndipo mlango wa nyuma unapofunguka kwa mwanafunzi wa sekondari. Kichuguu cha mchele juu ya kopo la mviringo ni umbo la pia. Chukua kwamba mteremko wake ni wa nyuzi 30. Kopo lenye nusu kipenyo cha sentimita 5 na kimo cha sentimita 10 lina ujazo wa sentimita za ujazo 785 hivi, na kichuguu chake hakizidi 76, yaani chini ya sehemu moja ya kumi. Sasa chukua chombo kipana chenye nusu kipenyo cha sentimita 10 na kimo cha sentimita 2.5 tu. Ujazo wa mfuto ni ule ule, 785. Lakini kichuguu chake ni 605 hivi, zaidi ya robo tatu ya chombo chenyewe! Vyombo viwili vilivyo sawa mbele ya kijiti cha kupangusia havifanani hata kidogo vinapojazwa tele. Mwanafunzi akikokotoa hesabu hii ataelewa kwa nini watu wanaopima kwa tele hawana budi kukubaliana kwanza juu ya umbo la kopo.

UKANDA UNAOJISAHIHISHA

Katika mwaka 1893 mwandishi wa Kihindi, T. Sundara Row, alichapisha huko Madras kitabu cha jiometri inayofanywa kwa kukunja karatasi peke yake, bila bikari. Wazo alilipata kutokana na karatasi za rangi zilizotumiwa katika shule za watoto wadogo. Inafaa kukumbuka asili hiyo, kwa sababu karatasi za rangi zimejaa nyumbani wakati wa Krismasi, na kazi ya kuzikunja huachiwa watoto.

Mchezo ufuatao unafanana na kazi ya mfungaji sambusa, anayeigeuza manda ndefu kuwa pembetatu kwa kuikunja huku na huku. Kata ukanda wa karatasi wenye upana wa vidole viwili na urefu kama wa mkono. Karibu na mwanzo wake, piga kunjo la mshazari kutoka ukingo wa chini hadi ukingo wa juu, kwa pembe yoyote ile, kisha ukunjue. Sasa, pale kunjo lilipogusa ukingo wa juu, ukunje tena ukanda ili ukingo huo wa juu, ule unaoelekea mbele, ulale sawasawa juu ya alama ya kunjo la kwanza. Kunjua. Kunjo jipya litakuwa limeshuka hadi ukingo wa chini. Hapo fanya vivyo hivyo: ukingo wa chini unaoelekea mbele ulale juu ya kunjo lililotangulia. Endelea hivyo, juu na chini, hadi ukanda uishe.

Mtoto ataona pembetatu zikijipanga moja baada ya moja. Za kwanza zitakuwa za mshazari, hazina sura. Lakini kuanzia ya tano au ya sita zitaanza kufanana, na baada ya hapo jicho halitaweza kuzitofautisha: zote zina pande tatu sawa. Zile za mwanzo zitupwe, zilizobaki zikatwe. Sita zikipangwa kuzunguka nukta moja zinajaza pande zote bila mwanya wala kupandana, na sita nyingine zikibandikwa nje, moja kwa kila upande, hupatikana nyota yenye ncha sita ya kutundika mlangoni. Mtoto aruhusiwe kugundua mwenyewe kwamba inahitaji pembetatu 12. Akikata tano tu za kuzunguka nukta na kuzivuta mpaka zikutane, karatasi itainuka kama kofia. Akijaribu saba, itakunjamana. Hilo nalo aachiwe alione.

Mwanafunzi mkubwa ataka kujua kwa nini kosa la mwanzo halikuharibu kazi yote. Tuseme kunjo la kwanza lilifanya pembe ya nyuzi 40 na ukingo wa chini. Kwa kuwa kingo za ukanda ni sambamba, pembe iliyobaki juu ni 180 toa 40, yaani 140, nayo kunjo la pili linaigawa katikati: 70. Kunjo la tatu linagawa 110: 55. Yanayofuata ni 62.5, kisha 58.75, kisha 60.625, kisha 59.6875. Kosa la nyuzi 20 limekuwa 10, likawa 5, likawa 2.5, kila mara likipungua kwa nusu na kubadili upande. Kwa maneno mengine, pembe ikiwa 60 na kosa fulani, ifuatayo ni 60 kasoro nusu ya kosa hilo. Pembe yoyote ya kuanzia hufika pale pale.

Wanahesabu Peter Hilton na Jean Pedersen waliliandikia jambo hili kwa kirefu katika miaka ya 1980, wakaonyesha kwamba kwa kubadili mpango wa makunjo hupatikana pia maumbo ya pande tano, saba na mengineyo. Hilton ndiye yule aliyekuwa miongoni mwa vijana waliovunja maandishi ya siri ya Wajerumani huko Bletchley Park wakati wa Vita Kuu ya Pili.

VIBENDERA, MIKONO NA SARAFU

Yako mambo madogo madogo yasiyohitaji maelezo marefu. Kamba ya vibendera, iwe ya Maulidi, ya Krismasi au ya siku ya Uhuru, ni somo la nafasi na vitu: vibendera 10 vilivyotundikwa kwa kuachana hatua moja moja havichukui hatua 10, huchukua 9. Mtoto asiambiwe, azitembee. Watu wazima wamewahi kununua nguzo pungufu za ua kwa kutojua hili.

Bendera ya Kenya inafaa sana kwa karatasi ya miraba, kwa kuwa mistari yake ina uwiano ulio wazi: nyeusi 6, nyeupe 1, nyekundu 6, nyeupe 1, kijani 6. Jumla ni miraba 20 kwenda juu, na kwa kuwa urefu ni mara moja na nusu ya kimo, miraba 30 kwenda mbele. Kuipaka rangi kwa ajili ya Jamhuri, tarehe 12 Desemba, humpa mtoto uwiano kabla hajalisikia neno lenyewe. Ngao ya katikati na achore kwa jicho.

Asubuhi ya Idi watu hupeana mikono. Wakiwapo saba na kila mmoja akampa kila mwenziwe mkono, mikono imepeanwa mara ngapi? Watoto wakijaribu kuhesabu wakiwa wamesimama pamoja huchanganyikiwa mara moja. Basi waingie barazani mmoja mmoja. Wa kwanza hana wa kumpa mkono. Wa pili ana mmoja. Wa tatu ana wawili. Na kila mkono uwekewe kokoto, safu kwa safu. Kokoto zitafanya pembetatu sakafuni, nazo ni 21. Mwanafunzi wa sekondari akiipanga pembetatu ya pili kama hiyo na kuiunganisha kichwa chini na ya kwanza, atapata mstatili wa 6 kwa 7, ambao nusu yake ni hiyo 21, na kanuni itakuwa imejiandika yenyewe bila ubao.

Kisha watoto huzunguka nyumba kwa nyumba kuomba mkono wa Idi, na jioni kila mmoja ana sarafu za kupanga. Kwa sarafu za Tanzania za shilingi 50, 100 na 200, shilingi 200 hupatikana kwa njia 4. Shilingi 500, ikihesabiwa na sarafu yake yenyewe, hupatikana kwa njia 13. Mtoto wa miaka minane hupata njia sita au saba kisha hudhani amemaliza. Faida ya mchezo ni pale anapoanza kutafuta utaratibu utakaomhakikishia kwamba hakuna njia iliyosahauliwa.

KOKOTO THELATHINI

Shughuli ya mwisho huchukua mwezi mzima, na kwa hiyo ianze mapema. Jioni mwezi unapoandama, mtoto atiliwe kokoto 30 kwenye kopo. Kila jioni atoe moja, na pale mwezi unapoonekana auchore kwenye karatasi, kwa umbo lile lile alilouona. Wakati mwezi unapopevuka, kokoto zilizotolewa zitakuwa karibu nusu. Na mwezi mpya utakapoandama, ama kopo litakuwa tupu, ama kutakuwa na kokoto moja iliyobaki. Kokoto hiyo moja ndiyo sababu ya watu wote kutoka nje kutazama magharibi jioni ya tarehe 29 Ramadhani.

Michoro ya mtoto wa Mombasa au wa Dar es Salaam haitafanana na ile ya vitabu vilivyochapwa Ulaya. Vitabuni mwezi mchanga umesimama wima. Kwetu, karibu na Ikweta, umelala chali kama dau, ncha zote mbili juu. Jua katika nchi hizi huzama karibu moja kwa moja kwenda chini, na mwezi mchanga huwa juu yake; upande unaoangazwa ni ule ulioelekea jua, yaani chini. Ulaya ya kaskazini jua huzama kwa mshazari, na mwezi huwa kando yake. Mwalimu anayemsahihisha mtoto ili mchoro ufanane na kitabu anamfundisha asiyaamini macho yake.

Mwezi, kutoka kuandama hadi kuandama, huchukua kwa wastani siku 29, saa 12 na dakika 44, yaani siku 29.53. Ndiyo maana miezi haiwezi kuwa yote ya siku 30 wala yote ya siku 29. Wanajimu wa Kiislamu walitunga zamani kalenda ya kukokotoa yenye mzunguko wa miaka 30, ambamo miaka 19 ina siku 354 na miaka 11 ina siku 355. Jumla ni siku 10,631 kwa miezi 360. Mwanafunzi agawanye: atapata 29.53056, dhidi ya kipimo cha leo cha 29.53059. Tofauti hiyo ndogo haifikishi siku moja kamili mpaka ipite miaka elfu mbili na mia tano hivi.

Miezi 12 ya namna hiyo inafanya siku 354, na mwaka wa jua una 365. Kwa sababu hiyo Krismasi haihami, Idi hutangulia kwa siku 11 hivi kila mwaka, na Pasaka, inayofuata jua na mwezi kwa pamoja, huchezacheza kati ya tarehe 22 Machi na 25 Aprili. Mwaka 2000 ulikuwa na Idi el-Fitri mbili, moja mapema Januari na nyingine mwishoni mwa Desemba. Mwaka 2033 nao utakuwa na mbili.

Kwa nini miaka 33? Watoto wanaweza kuipata kwa mkasi. Zikatwe karatasi za rangi mbili ziwe kanda nyembamba, milimita moja kwa kila siku: kanda 33 za kijani zenye urefu wa milimita 365, na kanda 34 nyeupe zenye urefu wa milimita 354. Wadogo wakate na kubandika, wakubwa wapime. Kanda za kijani zibandikwe ukutani kwa mstari mmoja, nyeupe chini yake kwa mstari wa pili, zote zikianzia mahali pamoja. Baada ya ukanda mmoja nyeupe imebaki nyuma kwa milimita 11. Baada ya miwili, 22. Pengo litazidi kukua hadi, kiasi cha mita 6 mbele, liwe karibu nusu ya ukanda, kisha mwisho wa ukanda mweupe unaofuata utaanza kuukaribia mwisho wa ule wa kijani, mpaka mita 12 mbele miisho miwili itakapokaribia kukutana. Haitakutana kabisa. Kijani imefika milimita 12,045 na nyeupe 12,036, na milimita 9 zimebaki. Mwanafunzi atakayerudisha zile desimali zilizoachwa katika kukata, 0.2422 kwa kila ukanda wa kijani na 0.3671 kwa kila ukanda mweupe, atakuta kwamba pengo hilo la ukutani linapungua kwa nusu hivi.